Chokaa ya Radhiya

Siku Radhiya alipoushika mtaimbo akaanza kuubomoa ukuta wa chumba chake mwenyewe, majirani walidhani kagombana na mumewe. Wengine walisema karogwa. Ukuta wenyewe haujatimiza hata mwaka, laini, umepakwa rangi ya waridi, na wanawake wa mtaa mzima hapo Siyu walikuwa wamekuja kuupapasa na kusema mashallah. Na ni yeye mwenyewe aliyewaita waje waupapase! Sasa leo yuko juu ya kigoda, leso moja kiunoni, nyingine kajizungushia usoni, anapiga. Pa! Pa! Saruji inadondoka kwa mapande, na watoto wake watatu wamesimama mlangoni wanashangilia.

Ngojeni niwaeleze alivyofika hapo, maana ukiisikia habari hii nusunusu utamwona punguani. Radhiya ana mambo yake, ana ulimi na ana kichwa kigumu, lakini upunguani haumo.

Kwetu kisiwani Pate, nyumba ni ya mwanamke. Binti akiolewa, mume ndiye anayeingia. Yeye habebi kasha lake kwenda kukaa kwa watu. Nyumba ya Radhiya ilikuwa ya bibi yake, ikaja kwa mamake, ikaja kwake. Ni kijumba tu, si zile nyumba za ghorofa za watu wakubwa: sebule mbele, nyuma yake chumba kimoja tunachokiita ndani, ua mdogo, na choo upande wa ua. Mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko juu. Bibi alipofariki nyumba ilifungwa, na nyumba ya namna hiyo ukiifunga inaanza kufa siku hiyo hiyo. Radhiya alipoifungua, popo walikuwa wameshajitwalia.

Alihamia na watoto watatu. Razan, wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Aaliya, wa kati, ana miaka minne na maneno ya mtu mzima. Husseini alikuwa bado anatambaa, na kila alichokiokota alikitia kinywani, kuanzia misumari hadi mavi ya popo. Baba yao, Yunusi, ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Mokowe, bara. Huja Alhamisi jioni, boti hadi Mtangawanda, kisha bodaboda hadi Siyu, na Jumamosi asubuhi hurudi. Kwa hiyo ukarabati ulikuwa wa Radhiya. Leo paa, wakipata nafasi mlango, mwezi mwingine bomba la maji. Watoto walilala sebuleni ndani ikitengenezwa, wakalala ndani sebule ikitengenezwa, na wakati mmoja walilala uani chini ya turubai, wakaona ndiyo starehe iliyopita zote, wakalia walipoambiwa warudi.

Fundi alikuwa Jabez, Mmeru aliyekuja Mokowe kwa kazi za bandari na akabaki. Mtu mpole, mkono wake wa mwiko hauna mfano. Alipoziona zile kuta za chokaa, zimeparara, zina makovu, na zidaka zake, yaani vile vishubaka vya ukutani walivyokuwa wazee wakiwekea vyombo vya kigeni, aliuliza, "Mama Razan, hizi tunaacha ama tunaziba?"

"Ziba," Radhiya akasema. "Ziba zote. Zidaka ni mambo ya wazee, hukusanya vumbi na mijusi. Nataka ukuta kama wa nyumba za Mokowe. Mtu akiweka mkono uteleze."

Jabez akaziba. Akapiga plasta ya saruji ndani na sebuleni, chini hadi juu, ikateleza kweli. Choo tu ndicho kilichobaki na chokaa yake ya kale, maana saruji ilikwisha na Radhiya akasema choo kitangoja. Yunusi alipokuja na kuona, alifurahi hadi akapiga picha akawatumia wenzake. Siku zile Radhiya alikuwa akipita ndiani, kati ya watu, kichwa juu, na haki yake.

Kisha masika yakaingia, na nyuma yake kusi, ule upepo wa baridi wa miezi ya katikati ya mwaka. Ukuta ukaanza kutoa jasho. Rangi ya waridi ikavimba malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka na unga wa chumvi unamwagika sakafuni. Radhiya akafagia. Asubuhi yake unga umerudi. Pembeni mwa kitanda cha watoto kukaota kitu cheusi, akakisugua kwa jiki, kikarudi pia. Na Aaliya akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha kawaida, kisha kifua kikawa kinapiga miluzi, mtoto anavuta pumzi na mbavu zinaingia ndani, na yale maneno yake ya mtu mzima yakakatika, maana pumzi ya kuyasemea haipo.

Ndipo wakamjua Jeruto. Jeruto ni muuguzi wa zahanati, mwanamke wa huko Bonde la Ufa, mrefu, hana mzaha. Alimpa Aaliya dawa ya kuvuta, akamngoja atulie, kisha akamgeukia Radhiya.

"Mama, huyu mtoto analala wapi?"

"Nyumbani."

"Najua ni nyumbani. Ukuta wa hapo anapolala ukoje?"

Radhiya akataka kusema ni mzuri, akashindwa. "Una maji," akasema.

"Basi utakuwa unaniletea huyu kila kusi. Mtoe hapo, ama ukaushe hapo."

Yunusi aliposikia, jibu lake lilikuwa tayari. Hamia Mokowe. Kuna chumba cha bloku karibu na jeti, kikavu, umeme upo, hospitali karibu. Nyumba hini tuifunge. Alilisema kwa upole, wala hakuwa na ubaya. Lakini Radhiya alisikia neno moja tu, tuifunge. Alijua nyumba ikifungwa haitafunguliwa tena. Popo, kisha paa, kisha watu kuchukua mawe. Na yeye atakuwa mpangaji kwenye nyumba ya mtu, na Razan na Aaliya wataolewa wakiwa hawana pa kumwingiza mume.

"Sihami," akasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto atapona humu humu."

"Vipi?"

Radhiya akainuka kuzigeuza nguo za Husseini kwenye kamba. Yunusi akatikisa kichwa akaenda kuoga.

Jibu lilikuja kwa sababu ya nguo za Husseini. Kusi ile nguo hazikuwa zikikauka. Ukizianika sebuleni, kesho zanuka uvundo. Radhiya akajikuta anazitundika chooni, hapo kwenye kamba ya taulo, kwa kukosa pengine. Zikawa zinakauka. Akazitundika tena, zikakauka tena. Siku moja alisimama humo chooni, ndoo mkononi, akauangalia ukuta. Ukuta ule ule wa matumbawe, umeungana na wa ndani, mvua ile ile. Akaweka kiganja. Mkavu. Akatoka, akaingia ndani, akaweka kiganja kwenye ile plasta ya waridi. Kikatoka kimelowa.

Alirudia mara kadhaa, huku na huku, hadi Razan akamuuliza, "Mama, wacheza nini?"

"Sitezi," Radhiya akasema. "Najiona nilivyokuwa mjinga."

Tofauti ilikuwa moja tu. Choo kilibaki na chokaa ya bibi. Chokaa inayaachia maji yatoke. Saruji yake nzuri ya kuteleza iliyafungia ndani ya mawe, pamoja na chumvi yote ya pwani, na maji yakatafuta njia kupitia kwa mtoto. Jabez hakuwa na kosa, alifanya alichoambiwa, na kwao bara plasta ile haina neno. Kosa lilikuwa lake yeye, mzaliwa wa Siyu, aliyezaliwa ndani ya chumba kile kile akataka kukifanya Mokowe. Lilimuuma hilo. Liliuma hadi akatoka uani akajikalia peke yake akalia, kisha akafuta mato, akaenda kuazima mtaimbo.

Kwa hiyo ndivyo mlivyomkuta juu ya kigoda.

Yunusi alikuja Alhamisi akakuta nusu ya ukuta iko sakafuni. Alisimama na mfuko wa machungwa mkononi.

"Radhiya, wafanyani?"

"Naitoa. Inamuua mtoto. Nitapiga chokaa."

"Chokaa! Nani apiga chokaa siku hizi? Kazi yote ile, jasho lote lile, wavunja? Watu watatuonaje?"

"Watuone watakavyo."

Mwanamume akakasirika, na ni haki yake kukasirika, ile saruji aliitolea jasho. Akasema sebule isiguswe. Ndani akitaka aibomoe, aibomoe, lakini sebule mtu asiiguse. Kisha akasema neno ambalo najua alilijutia kabla halijafika chini. Akasema, "Wewe wapenda mawe kuliko mtoto."

Radhiya hakujibu. Huyu ambaye hujibu kila kitu, hata redio huijibu! Akaingia jikoni akapakua wali. Lakini lile neno alilala nalo na kuamka nalo, na ubaya wake ni kwamba hakuwa na hakika kama si kweli. Alijipeleleza siku kadhaa, akijiuliza akitwanga nazi, akijiuliza akimwogesha Husseini. Mwisho akakata shauri. Atapiga chokaa. Kusi ikirudi na Aaliya akikohoa, atahama mwenyewe, bila kuambiwa, na atafunga mlango kwa mkono wake. Baada ya hapo akapata usingizi.

Sasa chokaa si kitu cha kwenda dukani ukasema nipe. Mawe ya matumbawe yachomwe juu ya magogo hadi yawe meupe na mepesi, yamwagiwe maji, yachemke yenyewe bila moto, kisha ule uji mzito utiwe shimoni, ufunikwe magunia mabichi na uachwe miezi. Usipoulaza, ukuta utapasuka. Radhiya aliwafuata watu wanaochomea chokaa ya misikiti na makaburi, akawabembeleza hadi wakamtengea sehemu yake, akaileta kwa punda hadi uani. Jabez akachimba shimo. "Mama Razan, chokaa mimi sijawahi kupiga," alisema wazi. "Lakini mkono ni huu, tutajaribu."

Na hapo ndipo shida yenyewe. Shimo la chokaa uani, na watoto watatu nyumbani. Chokaa mbichi inakula ngozi. Radhiya alilifunika kwa mlango mzee, akaweka mawe juu ya mlango, akaweka na pipa la maji juu ya mawe. Aliwakalisha watoto akawaambia, atakayegusa hapa nitamgusa mimi. Razan akaelewa. Aaliya akasema, "Hata wewe usiguse, mama." Husseini, ambaye sasa alikuwa anatembea, akaitikia ndiyo, maana siku zile aliitikia ndiyo kwa kila kitu.

Siku moja Radhiya alilifunua kulowesha magunia. Aaliya akakohoa ndani, kikohozi kibaya, naye akakimbia kumwangalia. Ni kitambo kifupi tu. Aliporudi, Husseini amesimama na mguu mmoja shimoni hadi kifundoni, anautazama kwa mshangao, na papo hapo akapiga ukelele.

Radhiya alimvuta, akamtumbukiza mguu ndani ya pipa, akamwagia maji na maji na maji, akimwita Mungu kwa sauti. Akambeba hadi zahanati bila viatu. Jeruto akauangalia mguu, akausafisha, akaufunga.

"Ni ngozi ya juu tu," akasema. "Ulifanya vizuri kumwaga maji mengi. Sasa keti. Keti, mama, unatetemeka kuliko mtoto."

Yunusi alipoiona ile bandeji hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimpakata Husseini, akasema polepole, "Chumba cha Mokowe nimeongea na mwenyewe, ataniwekea. Kusi ikiingia na Aaliya akipiga miluzi, siku hiyo hiyo twahama. Sitaki maneno."

"Na asipopiga?"

"Asipopiga tutakaa."

"Apa."

"Wallahi."

Radhiya akainuka akaenda kuongeza mawe juu ya ule mlango.

Kaskazi yote, miezi ya jua, ikapita kwenye kazi. Chokaa ilipoiva ilikuwa laini, yashikika. Jabez akaipiga tabaka ya kwanza ikapasuka yote. Akaikwangua, hakununa. Tabaka ya pili waliulowesha ukuta kwanza na kuichapa kwa vibao polepole siku nzima isikauke kwa haraka, Radhiya upande huu, Jabez upande ule, na Razan akitoka shule huchukua kibao chake akachapa pale chini anapofika. Ile ikakaa. Walipoibomoa saruji zile zidaka zilikuwa zimefichuka, zina kokoto ndani, na Radhiya alizizibua moja moja kwa kisu cha jikoni. Akazipaka chokaa nyeupe. Boriti za juu akazipaka nyekundu na nyeusi, amesimama juu ya meza iliyo juu ya kitanda, Aaliya akimshikilia miguu na kumwelekeza, "Hapo umeruka, mama. Hapo pia."

Wanawake wakaja tena kutazama. Wengine walisifu. Mmoja akasema, "Eh, Bi Radhiya, si afadhali ungeiacha tangu mwanzo?" Radhiya akamwambia ni kweli, ila ungeniambia siku ile ulipokuja kunipapasia ukuta, na yule mama akacheka hadi akaketi. Watoto wakazigawana zidaka papo hapo, kila mmoja na zake, wakajaza viatu, magamba ya pwani, gari la Husseini lisilo na magurudumu. Radhiya alitaka kuweka sahani. Sahani hazijapata nafasi hadi leo.

Masika yakaja. Mvua ya kwanza ilipopiga, ukuta wa ndani ukaloa chini, ukafanya alama ya kijivu yenye urefu wa mkono. Radhiya aliiona. Hakumwambia mtu. Alipika chai, akawapeleka watoto shule na chuoni kwa Kurani, akarudi, akakaa mkabala na ile alama akaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Adhuhuri ilikuwa imefifia. Alasiri haipo. Kesho yake ikaja tena na ikaondoka tena. Akaanza kupumua, lakini kidogo, maana kusi ilikuwa bado.

Kusi ikaingia. Kila Alhamisi Yunusi alikuja, kitu cha kwanza anamwita Aaliya, "Ndoo," yaani njoo, anamwekea sikio kifuani, kisha ndipo anavua viatu. Wiki ya kwanza kulikuwa na mafua, nyumba nzima ikasimama. Yakapita yakiwa mafua tu. Mwezi wa baridi kali ukaja, ule ambao mwaka wa nyuma waliulala zahanati.

Ijumaa moja, baada ya sala na chakula cha mchana, mvua ilikuwa inamwagika na watoto wamelala ndani wote watatu kwenye kitanda kimoja. Yunusi alikuwa sebuleni. Kule sebuleni ukuta ulikuwa unatoa jasho kama kawaida yake, malengelenge ya waridi hadi juu, na yeye kaketi katikati yake anajifanya haoni. Akainuka kwenda kuwatazama watoto. Radhiya alikuwa uani jikoni, akaona mlango unafunguka, akaona mgongo wa mumewe unaingia kizani.

Kimya. Yunusi akamwinamia Aaliya, akatega sikio. Tangu mwaka jana alizoea kumsikia mtoto huyu kabla hajamwona. Ukiingia chumbani wauliza ule mluzi ulipo, ndipo unajua mtoto yupo hai. Sasa hausikiki. Akainama zaidi. Hausikiki. Mtoto amenyooka, kinywa kimefungwa, hana sauti yoyote.

"Aaliya!" Radhiya akaisikia sauti aliyokuwa hajawahi kuisikia kwa mumewe. "Aaliya! Aaliya!"

Alikimbia. Mwiko ulimdondoka, hakujua wapi. Alipofika mlangoni, Yunusi amemshika mtoto mabega anamtikisa, na Aaliya amefumbua macho, amekunja uso, hasira tele.

"Baba, mbona waniamsha? Mimi nimelala!"

Akamsukuma kwa mguu, akavuta shuka, akageukia ukutani. Pumzi mbili tatu, amelala tena. Kimya kile kile.

Yunusi akaketi sakafuni pale pale. Akaegemea ukuta, akaufunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Alilia wazi, bila aibu, na kwikwi. Radhiya alimwangalia. Alikuwa na maneno, tangu mwaka jana ameyaweka, mengi na makali, ameyanoa akitwanga nazi. Akayatafuta asiyaone. Badala yake akaketi karibu naye, akamwekea mkono mgongoni, na mgongo wa shati ulikuwa mkavu pale ulipougusa ukuta.

Kisha Radhiya akainuka, akajifunga leso kiunoni, akaichomeka vizuri.

"Haya, Baba Razan," akasema. "Ukishalia, vua shati uje. Mtaimbo uko nyuma ya mlango, na sebule ni kubwa."